Mdudu aliyetetemeka chini ya taa ya senene

Saa 5 usiku, Novemba, nyuma ya nyumba ya shangazi, Bukoba. Mabati yamesimamishwa, mapipa yako chini yake, na taa inamulika mpaka migomba ya jirani. Senene wanashuka. Wakigonga bati wanalia kama mvua inayoanza, kisha wanateleza ndani ya pipa. Ukisimama karibu, wachache wanakuingia kwenye kola ya shati.

Katikati yao akaanguka mdudu mwingine. Mkubwa, rangi ya udongo, bapa kama jani kavu, urefu wa kidole changu cha kati, miguu ya mbele imekunjwa kama koleo.

"Huyo msimguse," shangazi akasema. "Ni wa ziwani. Anauma vibaya."

Hakukimbia. Alikaa pale pale kwenye sakafu ya saruji akaanza kutetemeka. Mabawa yalikuwa yamefunika mgongo, hayajafunguka hata kidogo, lakini mwili mzima ulikuwa unatikisika kama simu iliyowekwa mezani ikiwa kimya.

Mjukuu wa shangazi, binti wa miaka 9, akachuchumaa kumtazama.

"Anko, ana homa?"

"Hapana. Anaogopa."

Tukaendelea kumwangalia. Baada ya muda mtetemo ukakoma, mabawa yakafunguka, naye akainuka kwa mngurumo mzito, akapita juu ya bati, akaelekea ziwani.

Jibu langu lilinikaa kooni wiki nzima, kisha nyingine.

## Kilichonisumbua

Mdudu anayeogopa hukimbia, hujificha au hujifanya amekufa. Huyu alikaa mahali peupe, chini ya taa, akatetemeka kwa mpangilio, akaacha, akaruka. Hilo lilikuwa tendo lenye mwanzo na mwisho. Nami nilimjibu mtoto kwa neno la kwanza lililonijia, naye akaliamini kwa sababu limetoka kwangu.

Nikaanza kusoma.

Sehemu ya kwanza ya jibu haikuchukua muda. Yule ni wa jamii inayoitwa Lethocerus, kunguni wakubwa wa majini. Mwaka 1966 watafiti Barber na Pringle waliandika kuhusu namna wanavyoruka, na humo umo mtetemo niliouona: mdudu anapasha misuli yake moto. Kifuani ana makundi mawili ya misuli yanayopingana, moja la kushusha mabawa na jingine la kuyainua. Yakivuta kwa zamu, mabawa yanapiga. Yakivuta kwa pamoja, mabawa hayaendi popote na kazi yote inageuka joto. Kama dereva wa lori anayeiacha injini ingurume asubuhi kabla ya kupanda mlima.

Ningeweza kuishia hapo na kumpigia mtoto simu. Lakini nilikuwa nimeshasoma sentensi moja iliyonizuia: misuli ya mdudu huyu ni ya aina ile ile iliyo katika mbu, nzi na nyuki, ile ambayo haisubiri neva.

## Mapigo yasiyoagizwa

Misuli tunayoijua inafanya kazi kwa amri. Neva inatuma ishara, vifuko vidogo ndani ya seli vinamwaga kalsiamu, kalsiamu inashika protini iitwayo troponini, troponini inaisogeza tropomayosini, protini nyingine iliyokuwa imefunika aktini ya uzi mwembamba, na vichwa vya mayosini, protini ya uzi mnene, vinapata pa kushika na kuvuta. Kisha kalsiamu inasukumwa kurudi vifukoni, msuli unalegea. Amri moja, mvuto mmoja. Ndivyo anavyoruka senene, ndivyo kumbikumbi, ndivyo kereng'ende.

Sasa chukua nzi wa matunda, yule anayezunguka juu ya ndizi zilizoiva. Anapiga mabawa karibu mara 200 kwa sekunde, na neva yake inatuma ishara kama tano tu katika sekunde hiyo hiyo.

J. W. S. Pringle alilionyesha jambo hili mwaka 1949, Cambridge, kwa nzi wakubwa. Umeme wa neva na mapigo ya mabawa havikulingana hata kidogo. Miaka hiyo hiyo, Olavi Sotavalta, Mfini aliyekuwa na sikio la kutambua noti bila chombo, alipima mapigo ya wadudu kwa kuwasikiliza. Visubi wa jenasi ya Forcipomyia walipita mapigo 1,000 kwa sekunde. Alipowakata ncha za mabawa na kuwaongezea joto, wakapita 2,000.

Hiyo ya kukata ncha nimeirudia mara nyingi kichwani. Kama ubongo ndio ungekuwa unahesabu mapigo, kufupisha bawa kusingebadilisha hesabu. Bawa likiwa jepesi, mapigo yanaongezeka. Mwendo unatoka kwenye kifua chenyewe, kwa uzito wa bawa na ukakamavu wa ganda.

## Wapasua mbao

Nilipokuwa mdogo, kabla mashine hazijafika kijijini, miti ilipasuliwa kwa msumeno mrefu wa watu wawili. Mmoja juu ya jukwaa, mmoja chini. Wa juu akivuta, mikono ya wa chini inanyooshwa, na kule kunyooshwa ndiko kunakomwambia avute. Hakuna aliyepiga kelele "wewe!" kwa kila mvuto. Mwenye kazi alisema anzeni, na baadaye akasema basi.

Ndani ya kifua cha nzi ni hivyo hivyo. Kundi moja likijikunja, umbo la kifua linabadilika na kundi la pili linanyooshwa. Msuli ulionyooshwa unachelewa kidogo, kisha unavuta kwa nguvu zaidi. Unapovuta, unalinyoosha la kwanza. Neva kazi yake ni kuhakikisha kalsiamu ipo ya kutosha. Ni yule mwenye kazi aliyesema anzeni.

Nilikuwa nasita kuukubali mfano huu, kwa kuwa wapasuaji wana akili na msuli hauna. Kilichonishawishi ni jaribio la Jewell na Rüegg, lililochapishwa mwaka 1966. Walichukua nyuzi za msuli wa kunguni wa majini zilizokuwa zimelowekwa kwenye glisaroli. Glisaroli inaharibu utando wa seli. Hapo hakuna neva, hakuna vifuko vya kalsiamu, hakuna uhai kwa maana yoyote ya kawaida. Kimebaki kiunzi cha protini. Waliuunganisha uzi huo na kifaa chenye kunesa, wakauweka kwenye maji yenye ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, na kalsiamu isiyobadilika.

Uzi ukaanza kucheza wenyewe, mbele na nyuma.

Nilifunga kompyuta nikatoka nje.

## Lakini kwa nini yeye?

Hapa ndipo palipokula wiki tatu zangu.

Maelezo niliyokuwa nimeyapokea yalikuwa haya: wadudu wadogo wanahitaji kasi ambayo neva haiwezi, kwa hiyo msuli ukajifunza kujiendesha. Sawa kwa kisubi, sawa kwa mbu. Lakini kunguni wa ziwani anapiga mabawa mara 30 hivi kwa sekunde. Neva yoyote inaweza mara 30. Kama sababu ni kasi, yeye hana sababu.

Kisha nikakutana na ndugu wa senene.

Kule Marekani kuna panzi wa jamii ya akina senene, mwenye kichwa kilichochongoka vile vile, anaitwa Neoconocephalus robustus. Dume huimba kwa kusugua mabawa, na Robert Josephson aligundua kwamba misuli ya kuimbia inajikunja karibu mara 200 kwa sekunde, kila mara kwa amri ya neva. Mapigo ya nzi wa matunda, kwa njia ya zamani kabisa. Kumbe neva inaweza.

Maelezo yangu yakaanguka.

Yaliyosimama mahali pake ni bei. Msuli unaofuata amri unalazimika kumwaga kalsiamu na kuisukuma irudi kwa kila pigo moja, na kusukuma huko kunakula ATP. Tena unahitaji vifuko vingi sana, na vifuko vinachukua nafasi ambayo ingekaliwa na nyuzi za kuvuta. Msuli unaojiendesha umeiweka kalsiamu karibu pale pale, vifuko vyake ni vichache na vyembamba, na nafasi iliyobaki imejaa nyuzi na mitokondria, vitengeneza nishati vya seli. Josephson mwenyewe, na wenzake, waliitetea hoja hii kwa nguvu: faida kubwa iko kwenye nguvu inayopatikana kwa kila kipande cha msuli na kwa kila tone la chakula. Kasi ni mojawapo ya mazao yake.

Mdudu mzito anayepaswa kuunyanyua mwili ule kutoka kwenye saruji ana kila sababu ya kubana matumizi.

Kesho yake ya usiku ule wa Bukoba tulikuwa tumekaa kwenye mkeka kunyonyoa senene. Unamshika kwa kifua, unang'oa mabawa, unang'oa miguu. Kifua kinabaki kigumu kati ya vidole viwili, na ugumu huo ndio msuli wa kurukia. Sikujua nimeshika upande mmoja wa hoja, na upande wa pili ulikuwa umeruka kurudi ziwani.

## Protini mbili zinazofanana

Basi tofauti iko wapi? Aktini ni aktini, mayosini ni mayosini. Ukiusaga msuli wa senene na wa kunguni wa ziwani, utapata karibu orodha ile ile ya protini.

Jibu zuri kuliko yote niliyoyasoma lilitoka mwaka 2004, kwa kundi lililomhusisha Belinda Bullard, mama aliyeishughulikia misuli ya Lethocerus kwa miongo mingi. Troponini C, sehemu inayoshika kalsiamu, ipo ya aina mbili ndani ya msuli mmoja. Ya kwanza wanaiita F1, inashika kalsiamu moja tu, na inabaki imeishika. Ya pili, F2, inashika mbili, moja ikija na kuondoka kadiri kalsiamu inavyopanda na kushuka.

Waliziondoa zote kwenye uzi, wakarudisha moja moja. Uzi wenye F1 peke yake ulivuta uliponyooshwa. Uzi wenye F2 peke yake ulivuta kwa kalsiamu, bila kunyooshwa, kama msuli wako na wangu.

Soma tena pale: ndani ya uzi mmoja kuna mpasuaji anayesubiri mkono unyooshwe, na kuna mfanyakazi anayesubiri amri. Nikakumbuka mtetemo kwenye saruji, misuli inavuta na mabawa hayajafunguka, hakuna aliyenyoosha mwenzake kwa pigo kamili. Ni kazi inayomfaa huyu wa pili. Kisha bawa linafunguka, na wa kwanza anashika zamu.

## Nzi walioinua mabawa

Kunguni wa ziwani anakupa msuli mkubwa wa kufunga kwenye mashine, lakini hakupi jeni kwa urahisi. Kwa hilo watu walirudi kwa nzi wa matunda. Wana bahati ya ajabu: nzi asiyeruka anaishi. Kwenye chupa ya maabara anatembea, anakula, anazaa, kwa hiyo unaweza kuharibu msuli wa bawa na bado ukapata watoto wa kuchunguza. Tena ana jeni sita za aktini, na mojawapo, Act88F, kazi yake ni huo msuli wa kurukia.

Wenye hitilafu walijulikana kwa kuwatazama tu. Walishika mabawa juu, wima, wala hawakuyashusha. Jeni zikapewa majina ya Kiingereza yenye maana hiyo hiyo, mabawa juu, yameinuliwa. Mwaka 1972 Yoshiki Hotta na Seymour Benzer waliwachunguza nzi waliochanganyika, sehemu ya mwili ina hitilafu na sehemu haina, wakaonyesha kwamba kosa la mabawa juu liko kwenye tishu inayozaa misuli. Baadaye majina yale yakapata sura: moja ni troponini I, jingine troponini T, sehemu nyingine mbili za troponini.

Kuna hitilafu moja ya troponini I iliyonishika. Herufi moja tu kwenye DNA, na kijenzi kimoja cha protini, alanini, kimegeuka valini. Msuli wa nzi huyo unajengeka vizuri, kisha unachanika vipande. Nilidhani protini ni dhaifu, haibebi mzigo. Upim Nongthomba na wenzake walionyesha kinyume mwaka 2003: ukimwongezea nzi huyo hitilafu ya pili, kwenye mayosini, inayopunguza kuvuta, msuli unaokoka. Troponini ile mbovu ilikuwa imeshindwa kazi ya kuzuia. Mayosini zikavuta bila kupumzika mpaka msuli ukajirarua.

Na mayosini yenyewe! Sisi tuna jeni nyingi za mnyororo mzito wa mayosini ya misuli. Nzi ana moja. Jeni hiyo ni kama kitambaa kimoja mikononi mwa fundi cherehani: kuna sehemu za kudumu, na kuna sehemu ambapo anachagua kipande kimoja kati ya kadhaa. Kwa hesabu, mishono 480 inawezekana. Kundi la Sanford Bernstein kule San Diego limetumia miaka mingi kubadilishana vipande hivyo. Mwaka 2002 kipande kidogo kinachozungusha mkono wa mayosini kilihamishwa kati ya mayosini ya bawa na ile ya kiinitete cha nzi. Ya bawa ikapungua kasi, ya kiinitete ikaongezeka.

Kipande kimoja, kwenye mshono mmoja, kinashika mwendo wa bawa.

## 116

Usiku mmoja nilikaa na kalamu.

Kwenye uzi mnene wa msuli huu, vichwa vya mayosini vimepangwa ngazi kwa ngazi, kila nanomita 14.5. Kwenye uzi mwembamba, troponini zimekaa kila nanomita 38.7. Zidisha 14.5 kwa 8 upate 116. Zidisha 38.7 kwa 3 upate 116.1.

Hatua nane za huyu ni hatua tatu za yule.

John Wray aliliona hili mwaka 1979 akapendekeza kwamba ndiyo siri: ukinyoosha msuli kidogo, vichwa vyote vinakutana na mahali pa kushika kwa wakati mmoja. Nilitaka iwe kweli, kwa uzuri wake. Lakini waliopima kwa makini walionyesha kwamba kila uzi mnene umezungukwa na nyembamba kadhaa, na ukihesabu zote kwa pamoja, kunyoosha hakubadilishi sana idadi ya vichwa vinavyokutana. Mwaka 2011 kikatoka kitu kingine kwa mionzi ya X: kuna vichwa vya mayosini vinavyoshika troponini yenyewe, kama daraja. Msuli ukinyooshwa, daraja linavutwa, troponini inasogea, tropomayosini inaondoka njiani. Mnyoosho wenyewe ndio unaofungua mlango ambao kwetu sisi unafunguliwa na kalsiamu.

Ulingano wa 8 na 3 bado una maana yake hapo, kwa kuwa madaraja yanahitaji vichwa na troponini viwe karibu. Nimeukubali kama mpangilio unaowezesha, nikauacha kama siri kuu. Iliniuma kidogo.

Mwaka 2016 kundi la Kenneth Taylor, Florida, lilichora uzi mnene wa Lethocerus wa Asia kwa hadubini ya elektroni ya baridi kali, mpaka mikia ya mayosini ikaonekana mmoja mmoja. Imelazwa tabaka tabaka zilizopinda, na katikati yake zimepenya protini nyingine. Mojawapo wanaitambua kuwa flaitini, ambayo nzi akiikosa kabisa haruki. Nimeitazama picha hiyo kwa muda mrefu. Inanikumbusha ukili wa mkeka kabla haujashonwa.

Mdudu waliyemtumia ni yule yule ambaye Wathai wanamtwanga na pilipili. Nilimwambia shangazi. Akauliza kama wanamtoa mabawa kwanza.

## Simu

Nilimpigia yule binti Jumapili. Nilimwambia nilikosea, mdudu hakuwa anaogopa, alikuwa anapasha kifua chake moto ili aweze kuruka. Akanyamaza.

"Sasa mbona hakupiga mabawa tu, yangepata moto?"

Nikamweleza habari za msumeno, mmoja juu na mmoja chini, na kwamba kabla ya kuanza wote wawili wanavuta kwa pamoja, msumeno hauendi lakini jasho linatoka. Akaelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi.

Akauliza joto lake linafika ngapi. Nikasema inabidi kupima.

Senene wa pili wanakuja Aprili. Ameniomba nimletee kipimajoto, kile chembamba, na glavu za shangazi za kuokea.